Rafu ya juu na bega la shangazi

"Rafu?" shangazi aliuliza, akanigeukia mimi badala ya daktari. "Ya mpira?"

Tulikuwa tumeketi katika kliniki moja ya fiziotherapia hapa Nairobi, yeye akiwa ameupakata mkono wa kulia kama mtoto mchanga. Kijana mwenye koti jeupe alikuwa amemsomea swali la tatu: unaumwa kiasi gani ukinyoosha mkono kuchukua kitu kwenye rafu ya juu? Shangazi amelea vijana watatu wa kandanda, na kwake rafu ni mchezaji kumkanyaga mwenzake mguu refa akiwa ametazama kwingine. Neno lenyewe halina kosa. Kamusi inalo, na maana ya ubao wa kuwekea vitu imo. Ila Nairobi ubao huo huitwa shelfu, na nyumbani kwa shangazi, chumba kimoja kule Kariobangi, hakuna rafu wala shelfu. Vitu vya juu huning'inia kwenye msumari.

"Yaani kabati, mama," kijana akamsaidia. "Kitu kiko juu."

Shangazi akasema saba, na saba ikaandikwa.

Mimi hula kwa kutafsiri, kwa hivyo nakiri mapema: ningepewa karatasi ile nami ningeandika rafu, nikaendelea na swali la nne bila wasiwasi. Ndiyo maana nimeamua kuiandika makala hii. Hospitali na vyuo vyetu vinazidi kutafsiri hojaji za wagonjwa kutoka Kiingereza, na ni jambo jema. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, na mgonjwa hapaswi kukodi mjomba wa kumfasiria bega lake. Lakini nikisoma ripoti za kazi hizi naona tumeridhika upesi mno. Tunaangalia kama tafsiri inafanana na Kiingereza, tunakokotoa namba mbili tatu, tunatangaza kwamba kipimo kimethibitishwa. Mgonjwa mwenyewe hajaulizwa alichokisikia.

Karatasi aliyosomewa shangazi inajulikana kwa kifupi kama SPADI, yaani Shoulder Pain and Disability Index, kipimo cha maumivu na ulemavu wa bega. Ilichapishwa Marekani mwaka 1991 na ina maswali 13: 5 ya maumivu, 8 ya ugumu wa kufanya mambo. Kila jibu ni namba kati ya 0 na 10, na mwishowe mgonjwa hupata alama kati ya 0 na 100, zinazozidi kupanda kadiri hali ilivyo mbaya. Ni fupi na haina ada za kutisha, ndiyo maana imependwa duniani kote. Mwenzake mkubwa, DASH wa mwaka 1996, hojaji ya matatizo ya mkono mzima kuanzia begani, ana maswali 30, na humo mgonjwa huulizwa hadi habari za gofu na za kukausha nywele kwa mashine. Tumshukuru aliyechagua ile fupi.

Kuhusu namna ya kutafsiri, mwongozo unaofuatwa na wengi ulitolewa mwaka 2000 na Beaton na wenzake. Watu wawili hutafsiri kila mmoja kivyake, mmoja akijua mambo ya tiba na mwingine asijue. Tafsiri zao huunganishwa. Wengine wawili ambao hawajaiona asili huirudisha katika lugha ya kwanza; hiyo ndiyo tafsiri rejeshi. Kamati hukaa, hulinganisha, hurekebisha. Kisha karatasi hupelekwa kwa wagonjwa 30 hadi 40, kila mmoja aijibu na kuulizwa alielewa nini katika kila swali.

Sasa itazame safari ya rafu katika hatua hizo. Mtafsiri wa kwanza anaandika rafu, wa pili anaandika rafu. Anayerudisha, mtu msomi anayejua Kiswahili cha vitabuni, anaikuta rafu na kuandika shelf. Kamati inalinganisha na kukuta neno lile lile la asili. Hongera zinapigwa. Tafsiri rejeshi imewapima wafasiri, nao wamefaulu. Anayeweza kuinasa rafu ni mgonjwa wa hatua ya mwisho, na hatua hiyo ndiyo hufanywa mbiombio: wagonjwa kumi wanaulizwa "Mmeelewa?" na kumi wanajibu "Ndiyo, daktari." Nani humwambia daktari hajaelewa?

Rafu ni kosa la kuchekesha. Yale yasiyochekesha hujificha zaidi.

Chukua maneno "wiki iliyopita". SPADI huuliza hali ya siku saba zilizotangulia, na ukiandika wiki iliyopita, tafsiri rejeshi itarudi safi kabisa. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Kwa shangazi, wiki iliyopita ni ile iliyoisha Jumapili, na katika wiki hiyo alikuwa ushago kwenye matanga, hakushika beseni hata mara moja. Siku saba alizoulizwa na karatasi ziliingia hadi wiki hii aliyomo, aliyofua blanketi tatu za watu wa Buruburu. Maneno "katika siku 7 zilizopita, tangu Alhamisi ile hadi leo" ni marefu kidogo, lakini hayana mlango wa nyuma.

Au chukua bega lenyewe. Mwambie shangazi akuoneshe bega, ataweka kiganja juu, kati ya shingo na ncha, pale mtu anapobebea gunia. Ugonjwa wake hauumi hapo. Unauma chini kidogo, upande wa nje, mahali tunapodungwa sindano ya chanjo, na hivyo ndivyo maumivu ya kano zinazolizunguka bega hujitokeza kwa wengi. Pale yeye hupaita mkono. Nao mkono kwetu ni kitu kirefu: huanza begani na kuishia kwenye kucha. Pwani wana fuzi na mtulinga na maneno mengine mazuri ya viungo, lakini ukiyatamka Kariobangi utaulizwa hao ni kina nani. Basi mgonjwa anayeulizwa "bega lako linauma kiasi gani" anaweza kujibu kuhusu shingo yake iliyokazana, kwa ukweli mtupu. Dawa yake haipo kwenye kamusi. Ni picha ya mwili, na kalamu ya kuchora pale panapouma kabla ya swali la kwanza.

Kichwa cha karatasi nacho kilisema Kipimo cha Maumivu na Ulemavu wa Bega. Shangazi anasoma vizuri, shukrani kwa ngumbaru na Biblia. Alikiona. "Mimi si mlemavu," alisema, na sauti yake ikabadilika. Tangu hapo kila swali la sehemu ya pili lilikuwa kama mashtaka. Unapata shida kiasi gani kuosha mgongo? "Shida gani? Naosha tu." Anaosha, ndiyo, kwa kuegemea ukuta na kuuma meno, kwa kuwa hakuna wa kumwoshea. Neno shida limebeba mengi katika lugha yetu: njaa, deni, karo. Mwanamke wa umri wake aliyezoea kujitegemea hakubali upesi kwamba kuvaa sweta ni shida. Ningeuliza "ni vigumu kiasi gani", na ulemavu ningeutoa kabisa kwenye karatasi anayoiona mgonjwa. Watafiti waubakize kwenye makabrasha yao.

Halafu tukafika kwenye mfuko.

Swali la mwisho la SPADI huuliza ugumu wa kutoa kitu kwenye mfuko wa nyuma. Shangazi huvaa rinda na leso. Pesa zake hukaa kwenye fundo la leso, na nyingine mahali ambapo mwizi wa Muthurwa hathubutu kupeleka mkono. "Sina mfuko wa nyuma," alisema. Mapema alikuwa amesema pia haoshi nywele mwenyewe, amesuka, huoshwa na msusi. "Basi tuandike sifuri," akasema kijana, kwa nia njema kabisa, na kwa yale maswali mawili ikaandikwa sifuri.

Hapo nilitaka kusimama. Katika karatasi ile sifuri maana yake ni "sipati ugumu wowote". Kawaida ya SPADI ni kwamba swali lisilomhusu mgonjwa huachwa nje ya hesabu, na alama hukokotolewa kwa yale aliyojibu. Namba za shangazi ni zake, kwa hivyo nitumie za kubuni. Tuseme mgonjwa amejibu 7 kila mahali. Maumivu: 35 kati ya 50, yaani asilimia 70. Ugumu, yakiachwa nje maswali yale mawili: 42 kati ya 60, asilimia 70 tena. Wastani wa sehemu hizo mbili ni 70. Sasa ingiza zile sifuri mbili. Ugumu unakuwa 42 kati ya 80, asilimia 52.5, na wastani unashuka hadi 61.25. Karibu pointi 9 zimeyeyuka, na bega ni lile lile.

Pointi 9 ni nyingi? Tafiti zinazotajwa sana kuhusu SPADI huweka badiliko dogo kabisa lenye maana kwa mgonjwa kati ya pointi 8 na 13. Kwa maneno mengine, mfuko usiokuwepo na nywele zilizosukwa vinaweza kumpa mgonjwa nafuu ya mazoezi, papo hapo, kwenye benchi. Na mambo yaligeuka kinyumenyume baada ya wiki sita. Tuliporudi tulimkuta fizio mwingine, mama mtulivu mwenye uzoefu, naye akayaacha yale maswali wazi kama inavyopasa. Alama zikapanda. Akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Mama, mazoezi hufanyi?"

Shangazi alikuwa akiyafanya, asubuhi na jioni, kwa kutambaza vidole ukutani. Hakujibu kitu. Alitazama sakafu kama mtoto aliyesahau kazi ya shule.

Ningependa wanaotuletea takwimu za uthabiti waikumbuke sakafu ile. Namba inayopendwa kuliko zote katika ripoti hizi ni alfa ya Cronbach, iliyopewa jina la mwanasaikolojia wa Kimarekani aliyeieleza mwaka 1951. Ikifika 0.9 watu hupigiana makofi. Alfa huonesha kama majibu ya maswali mbalimbali yanapanda na kushuka pamoja. Ukimuuliza mtu mara kumi na tatu, kwa maneno tofauti tofauti, kama anaumwa, alfa itagusa dari, nawe hujajua lolote jipya. Na kliniki nzima ikiwa na mtindo mmoja wa kusema "yaani kabati", alfa haitajua. Waanzilishi wa SPADI wenyewe walipata alfa kati ya 0.86 na 0.95, ila walipowapima wagonjwa tena, kukubaliana kwa vipimo viwili (1 ikiwa ni kukubaliana kikamilifu) kulikuwa takriban 0.64 hadi 0.66 tu. Karatasi ile ile ina namba ya kujivunia na namba ya kukunia kichwa. Ukisoma muhtasari wa haraka utakutana na ya kwanza.

Kupima tena ndiko kunakonishawishi, lakini nako kunataka kuujua mji. Kanuni inayotumika sana ni kwamba uwiano wa vipimo viwili usiwe chini ya 0.70 kama unalinganisha makundi, na ukaribie 0.90 kama unataka kumwamulia mgonjwa mmoja. Siku hupishana za kutosha mtu asahau majibu, ila zisiwe nyingi kiasi cha bega kubadilika. Vizuri. Sasa niambie siku gani. Mama fua ana kazi nyingi kuanzia Ijumaa hadi Jumamosi. Hamali wa Marikiti hubeba alfajiri, na bega lake la saa moja asubuhi si lile la saa kumi jioni. Ukimpima shangazi Jumatatu, kisha Ijumaa ya wiki inayofuata, umepima ratiba ya kufua nguo. Mpime siku ile ile ya juma, saa ile ile, umlipie nauli, na uwiano utapanda bila kugusa neno hata moja la tafsiri.

Kuna waliobobea watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kipimo kina thamani kwa sababu kinafanana kila mahali. Ukiondoa mfuko ukaweka leso, alama za Nairobi haziwezi tena kulinganishwa na za Toronto. Kila mji ukijitungia maswali, tutarudi tulikotoka, kila daktari na kipimo chake.

Nawajibu kwa swali: mfuko wa nyuma uliwekwa pale kuuliza nini? Haukuwekwa kwa ajili ya pochi. Uliwekwa kwa sababu mkono unaokwenda nyuma ya kiuno lazima bega lijizungushe kwa ndani, na bega lililoganda, ambalo watu wenye sukari kama shangazi hulipata zaidi kuliko wengine, huukataa mzunguko huo mapema. Kwa hivyo tafuta jambo la hapa linalodai mzunguko ule ule. Kufunga sidiria? Nilidhani nimepata, hadi wanawake wa nyumbani kwangu waliponicheka: wengi huifungia mbele kisha wakaizungusha. Kumfunga mtoto mgongoni kunataka nguvu na kuinama pia, kwa hivyo ni maswali matatu ndani ya moja. Kuchomekea shati au blauzi kwa nyuma, hilo linakaribia, na linawafaa mwanamume na mwanamke. Kama litashinda, wagonjwa ndio wataamua, lakini angalau tumeuliza bega kitu kile kile walichouliza waanzilishi wa SPADI.

Uzito nao uko hivyo. SPADI huuliza kubeba kitu kizito cha pauni 10, takriban kilo 4.5. Shangazi aliposikia "kitu kizito, kilo nne na nusu" alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Pakiti mbili za unga na chumvi juu ndicho kitu kizito? Mtungi wake wa maji ni wa lita 20, kilo 20 kamili, na huo ndio uliomleta hospitalini. Akatoa namba ndogo, kwa dharau kidogo. Hapa mtafsiri mwenye papara angeweka mtungi wa maji badala yake, na angeliharibu swali, maana uzito umeruka zaidi ya mara nne. Lakini mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia, ukiwa umejaa, ni karibu kilo 4.6. Upo kila duka, kila mtu amewahi kuubeba, na hakuna anayehitaji mizani kuuwaza. Mtafsiri anapata uaminifu na mgonjwa anapata picha. Kutafuta vitu kama hivyo hakugharimu zaidi ya chai na mandazi kwa meza moja ya wagonjwa, na sioni kwa nini kusiwe kwenye bajeti mbele ya programu ya takwimu. Wataalamu wa COSMIN, waliotoa vigezo vya kupima vipimo hivi mwaka 2010, wao wenyewe husema sifa ya kwanza kwa umuhimu ni maswali kumgusa mgonjwa na kueleweka naye.

Linabaki jambo la "yaani". Hojaji hizi ziliandikwa zijazwe kimya, na mgonjwa peke yake. Kliniki zetu nyingi huzisoma kwa sauti, kwa kuwa miwani imesahaulika, au foleni ni ndefu, au mgonjwa anasikia Kiswahili vizuri kuliko anavyokisoma. Msomaji akiona uso umekunjamana husema yaani, kisha hutunga swali jipya. Kijana wetu alisema yaani mara nane, nilizihesabu. Kwa hiyo kilichotafsiriwa na kamati na alichosikia shangazi ni hojaji mbili. Sipendekezi tumkataze, maana bila yaani shangazi angekuwa bado anafikiria mpira. Yaani iandikwe. Kila swali liwe na maelezo yake ya ziada yaliyokubaliwa, ya Kiswahili cha mtaani, msomaji asiongeze lake. Kisha toleo la kusomwa lipimwe kivyake, na la kujazwa kivyake. Na pawe na kisanduku cha "hainihusu", kikubwa, chenye wino mweusi.

Wiki jana nilimpitia shangazi kwake. Alikuwa uani, kamba imelegea kwa uzito wa nguo za watu. Nikamwambia naandika kuhusu ile karatasi, nikamuuliza kama angekuwa yeye angeuliza nini.

"Kuanika," alisema. "Mtu aulizwe kuanika. Nguo ikiwa imelowa."

Nikamuuliza basi kuanika ni ngapi siku hizi, sifuri hadi kumi. Aliinama, akainua shuka kutoka kwenye beseni, akalikamua nusu, akalitupa juu ya kamba kwa mkono wa kulia na kulivuta likanyooka.

"Shuka naanika," alisema. "Blanketi namwachia mjukuu."